Cobra ya kuunganisha kwa paundi 34,000, au gari la kale la kweli? Nitoeni ushamba

#1 Mzaramo wa Coventry
Wakuu, heshima kwenu. Niko Coventry mwaka wa 11 sasa, kazi yangu ya ghala, tajiri si mimi. Tangu nasoma shule ya msingi naota gari la michezo la miaka ya 60: boneti refu, halina paa, mlio wa kuamsha mtaa. Nimedunduliza hadi nimefika paundi 34,000.

Kuna jamaa hapa jirani anauza AC Cobra. Si Cobra yenyewe, ni ya kuunganisha. Bodi la faiba, chesisi ya mabomba ya chuma iliyochomelewa na karakana ndogo hapa hapa Uingereza, injini ni Rover V8 (silinda nane) ya lita 3.5, difu na mikono ya nyuma vimetoka kwenye Jaguar XJ6 chakavu. Imetembea maili 4,000 tu tangu ikamilike. Usajili safi. Bei yake 34,000 kamili, kama vile alichungulia salio langu.

Cobra halisi za Mmarekani Carroll Shelby, za 1962 hadi 1967, hata ile ya bei nafuu inakaribia dola milioni moja. Hiyo naiachia wenyewe.

Shemeji yangu kaja kuiona akacheka: "Hilo ni sufuria lenye umbo la gari. Chukua MGB ya kweli, gari dogo la kale la Kiingereza, kwa 12,000, chenji jenga kwenu." Tangu siku hiyo usingizi hauji. Nauliza: gari la kuunganisha ni gari la michezo au ni feki tu? Na kama yote mawili yana V8 na yote yanakimbia, tofauti ya bei ya zaidi ya mara 20 inatoka wapi? Nawasilisha.

#2 Asiyejali
Ngoja waje wenye magari. Sisi wa daladala tunakaa siti ya nyuma tunasoma.

#3 Fundi Kingo
Mimi ni fundi bodi, Gerezani ya Dar, mwaka wa 26 huu. Faiba msiidharau. Boti ngapi za faiba ziko baharini hapo Feri na hakuna anayeziita sufuria? Halafu sufuria ni la alumini, mwambie shemeji. Cobra halisi ndiyo yenye bodi la alumini, kwa hiyo sufuria ni ile ya dola milioni.

Ukienda kuikagua usitazame rangi. Tazama pembe za milango na pale bawaba zinaposhika. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, faiba imechoka au ilimwagwa vibaya, na kuziba kwa puti haisaidii, zitarudi baada ya mvua mbili. Pili, ingia chini na tochi ukague sehemu zilizochomelewa, hasa pale mikono ya Jaguar inapofungwa kwenye chesisi. Faiba haishiki kutu, lakini mabomba ya chesisi yanashika, tena kwa ndani ambako huoni. Gonga kwa nyundo ndogo usikie sauti.

#4 Kipanga74
Kabla hamjaiita feki, jueni Cobra "ya kweli" ilizaliwaje.

AC ni kampuni ya Thames Ditton, Surrey. Mwaka 1953 walitoa gari dogo linaitwa Ace. Umbo la Ace halikuwa lao, walilitoa kwa mtengeneza magari ya mashindano anaitwa John Tojeiro, na Tojeiro naye alikuwa ameiga Ferrari 166 Barchetta. Tazama picha zote mbili kwa ubavu utajionea.

Ace ikawa inatumia injini ya Bristol. Mwaka 1961 Bristol wakaacha kuitengeneza, AC wakabaki na bodi bila moyo. Ndipo Carroll Shelby wa Texas, aliyeshinda mbio za Le Mans 1959 na Aston Martin, akawaandikia: nipeni gari, mimi natafuta V8. Ford wakampa injini. Februari 1962 gari la kwanza, CSX2000, likaungwa California. Shelby alikuwa na hilo moja tu, hivyo kila likienda kujaribiwa na gazeti jipya alilipiga rangi nyingine ili watu wadhani yapo mengi. Gari hilo hilo liliuzwa mnadani 2016 kwa dola milioni 13.75.

Kwa hiyo: umbo la kuiga, chesisi ya Mwingereza, injini ya Mmarekani, zikakutanishwa karakanani. Mnaona tofauti gani na ya jirani yake Mzaramo?

#5 Mtu wa Mvita
Kipanga, watwambia asili yenyewe ni mtoto wa kuokota? Wallahi leo nimesoma.

#6 Asiyejali
Yaani jirani kaiga Shelby, Shelby kachukua kwa AC, AC kwa Tojeiro, Tojeiro kwa Ferrari. Ferrari naye tumuulize kamuiga nani, tufike mpaka kwenye mkokoteni.

#7 Bibi Kabureta
Naandika kutoka Nairobi. Kipanga historia yako ni sawa, lakini hitimisho lako silikubali. Shelby hakuiga Cobra. Haikuwepo. Alichanganya vitu vikatoka kitu kipya, kikaenda mashindanoni kikashinda. Anayeunganisha leo anajua tayari mwisho wake unafanana vipi. Mmoja alipika, mwingine anafuata harufu.

Mimi nina MGB GT ya 1969, baba aliinunua ikiwa na miaka mitatu. Hailinganishwi na Cobra kwa kasi, nakubali, hata Probox inanipita kule Limuru. Lakini pampu yake ya mafuta, SU, iko kule nyuma karibu na tairi la kulia, na ikigoma dawa ni kuigonga. Baba aliigonga kwa spana. Mimi mwaka juzi nikitoka Naivasha niliigonga kwa kisigino cha kiatu nikiwa na gauni la harusi ya watu. Ikawaka. Alama za spana ya baba bado ziko pale pale kwenye pampu. Hizo utaziunganisha na nini?

Pale Ngong kwenye Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa, majaji hawatazami mng'aro tu. Wanainama na kuangalia hata uvungu. Kila kitu kinaulizwa kimetoka wapi. Mzaramo, sikiliza shemeji yako, chukua MGB.

#8 Fundi Kingo
Bibi heshima yako, ila umwambie na ukweli wa kutu. MGB inaoza kwenye vizingiti vya milango, na vile vizingiti ndivyo vinavyobeba gari, si pambo. MGB isiyo na paa ikioza pale, unaiinua kwa jeki na mlango haufungi tena. Kwa 12,000 huko Uingereza kwenye chumvi ya barabarani, nusu ya gari inaweza kuwa puti na sala.

#9 Kipanga74
Na hapo ndipo panapochekesha. MGB ikioza kabisa, unaweza kununua bodi zima jipya. British Motor Heritage wanayapiga tangu 1988 kwa kutumia mashine zile zile za kiwandani. Unahamishia injini, viti, usukani, na kadi ya gari. Hiyo MGB ya 1969 yenye bodi la juzi ni ya kweli au ya kuunganisha?

#10 Bibi Kabureta
Ya kweli.

#11 Kipanga74
Kwa sababu?

#12 Bibi Kabureta
Kwa sababu nimesema. (Natafuta sababu, nitarudi.)

#13 Mtu wa Mvita
Mimi nawapa ya Lamu. Babu mzaa mama alikuwa na jahazi. Kila baada ya kusi likipandishwa pwani, mafundi wang'oa mbao zilizooza, watia mpya, wapiga kalfati upya. Mataruma pia yabadilishwa. Mlingoti ulivunjika, ukatiwa mwengine. Tanga ndo usiseme. Wakati wa uhai wa babu hakuna ubao uliobaki wa zamani, na hakuna mtu Lamu nzima aliyesema "hili si jahazi la mzee." Siku moja niliwauliza mafundi. Wakaniambia: madamu mkuku (ule uti wa chini wa chombo) ni ule ule, jahazi ni lile lile.

Mkuku ukibadilishwa je? Wakaniambia mtoto una maswali mengi, lete chai.

#14 Wakili Mstaafu
Mafundi wa Lamu wanakubaliana na Waingereza. Mamlaka ya usajili ya huko, DVLA, hadi 2025 ilikuwa inagawa pointi gari likijengwa upya. Chesisi au bodi lisilo na chesisi: 5. Mikono na springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1 tu. Ili ubaki na namba ya zamani ulitakiwa upate 8 au zaidi, na chesisi iwe ya asili, au mpya ya kufanana nayo kabisa yenye risiti. Ona injini, ambayo sisi tunadhani ndiyo gari, ilipewa pointi moja. Mkuku ulipewa tano.

Sasa Mzaramo, umeandika "usajili safi". Safi ya namna gani? Magari ya kuunganisha yana njia tatu. Yakitoka kwenye vipuri vipya vyote, yanapewa namba mpya. Yakiwa na chesisi mpya na vipuri vikuu viwili kutoka gari mama moja, yanaweza kupewa namba ya umri wa gari mama. Yakiwa mchanganyiko usioeleweka umri wake, yanapewa namba inayoanza na Q, na Q kuiondoa ni shughuli. Wenye bima wengine wakiona Q wanakunja uso, na siku ya kuuza utaisikia bei. Nenda katazame namba, kisha urudi.

#15 Mzaramo wa Coventry
Wakili asante. Picha niliyonayo jamaa kasimama mbele ya namba. Sasa naanza kuelewa kwa nini alisimama pale.

#16 Nyundo Ndogo
Niko Minnesota, na mimi ninayo, kwa hiyo niacheni niongee kama mtenda dhambi. Yangu ni "kit", yaani seti ya vipuri vya kuunga, ya Factory Five, wale wa Massachusetts walioanza 1995. Inakuja kwa maboksi: chesisi, bodi, na vikolombwezo vyote. Injini na ekseli nilitoa kwenye Mustang iliyogongwa. Nilimwambia mke wangu miezi 6. Ikawa miaka 4 na gari lake likalala nje kwenye theluji majira yote manne ya baridi. Kosa lilikuwa langu, nilijifanya fundi umeme. Nyaya nilizifunga mara tatu. Mara ya kwanza nikiwasha taa, honi inalia.

Lakini nawaambia, nikikaa ndani yake naijua kila bolti. Injini iko karibu na magoti, upepo usoni, kila kitu kinatetemeka. Bomba za moshi ziko ubavuni, na ukishuka bila uangalifu zinakuunguza shavu la mguu. Nina kovu mguu wa kushoto. Wenye Cobra za milioni nao wana kovu mahali pale pale.

Kinachonikera ni kituo cha mafuta. Kila nikisimama mtu anauliza: "Ni ya kweli?" Zamani nilikuwa natoa hotuba. Sasa nakunja suruali namwonyesha mguu.

#17 Asiyejali
Gari la mchongo, kovu orijino.

#18 Kijana wa Durban
Hamjui kwamba Cobra nyingi za kisasa zinazokwenda Marekani zinatengenezwa na Waafrika? Backdraft wako hapa Durban. Superformance zinajengwa kule Port Elizabeth, siku hizi Gqeberha, pamoja na nakala za GT40 na Daytona Coupe, magari ya mashindano ya miaka ya 60. Zinasafirishwa bila injini wala giaboksi, Mmarekani anazipachika akifika kwake. Nimefanya kazi ya kusugua faiba miaka miwili katika karakana moja mkoani huku (siitaji, walinikata mshahara). Bodi moja linasuguliwa hadi mikono inakufa ganzi. Mtu akisema ni sufuria aje ashike msasa siku moja.

#19 Wakili Mstaafu
Niongeze jambo kwa wanaodhani kuunganisha ni ujanja wa wasio na uwezo. Lotus Seven ya Colin Chapman, 1957, iliuzwa kama vipuri kwenye boksi tangu siku ya kwanza. Sababu ni kodi. Uingereza ilitoza kodi ya mauzo kwenye gari zima, lakini si kwenye vipuri, basi mnunuzi akaunge mwenyewe nyumbani. Inasimuliwa kwamba hawakuruhusiwa kuweka maelekezo ya kuunga, wakaweka maelekezo ya kufungua, nawe uyasome kutoka mwisho. VAT ilipokuja 1973 mlango huo ukafungwa, na mwaka huo huo Caterham wakanunua haki za Seven. Wanaitengeneza mpaka leo, na bado ukitaka unaletewa kwa maboksi.

Kwa hiyo kuna gari ambalo asili yake NI boksi. Seven ya 1960 iliyoungwa na mwalimu wa shule gereji kwake leo inaitwa gari la kale halisi.

#20 Nyundo Ndogo
Wakili kaniponya.

#21 Bibi Kabureta
Nimerudi na sababu. Seven ya mwalimu ni halisi kwa sababu ilikuwepo wakati wake. Iliungwa 1960, na watu wa 1960, kwa ujinga wa 1960. Cobra ya Nyundo iliungwa na mtu aliyeshaona picha za Cobra kwenye kalenda. Tofauti ni wakati, si chuma. MGB yangu ikipewa bodi jipya, imezeeka na mimi, inabaki na historia yake.

#22 Kipanga74
Bibi, kwa hesabu hiyo tuambie hii. Mwaka 1957, tarehe 12 Februari, kiwanda cha Jaguar pale Browns Lane, Coventry (jirani kwake Mzaramo) kiliungua. Walikuwa wanatengeneza magari 25 ya michezo aina ya XKSS. Moto ukala 9, zikabaki 16. Mwaka 2016 Jaguar wenyewe wakatangaza watajenga upya zile 9, kila moja zaidi ya paundi milioni moja. Chuma kipya, rivet mpya, mafundi ambao 1957 baba zao hawajazaliwa. Wakati si wake. Ila aliyejenga ni mwenye jina. Ni halisi?

#23 Mtu wa Mvita
Hiyo ni sawa na mwenye jahazi lililozama kujenga jengine akaliita jina lile lile. Kwetu twafanya. Ila hatuitishi milioni.

#24 Sultani wa Spea
Mnazunguka. Niko Sharjah nauza vipuri, niwaambie kwa lugha ya duka. Ferrari 250 GTO zilitoka 36 tu, 1962 hadi 1964. Moja iliuzwa mnadani 2018 dola milioni 48.4. Nyingine New York 2023, milioni 51.7. Mnadhani mnunuzi alifikiria mlio wa injini? Amenunua kiwanja kinachokaa gerejini. Hakiongezeki, kila mwenye fedha anakitaka, hati zipo. Ndiyo tofauti ya mara 20 anayoiuliza Mzaramo. Haiko kwenye gari, iko kwenye ile namba ya chesisi na daftari la waliowahi kulimiliki.

Magari haya ya kuunganisha yana faida moja ya siri: jasho la aliyeunga huwa halilipwi. Nyundo, miaka yako 4 ukiuza utalipwa shilingi ngapi?

#25 Nyundo Ndogo
Sijibu.

#26 Kijana wa Durban
Sultani kama ni hati tu, mbona nakala ya hati haitoshi? Mtu akikaa kwenye GTO ya kweli anahisi kitu. Msituambie ni karatasi.

#27 Sultani wa Spea
Anahisi milioni 50 chini ya makalio, ndicho anachohisi. Hawezi hata kuipaki sokoni.

#28 Kipanga74
Tukiwa kwenye GTO. Mnajua nakala nyingi za 250 GTO zimejengwa juu ya gari gani? Datsun 240Z. Boneti refu, injini ya silinda sita mbele, umbo linakaribiana, na zamani zilikuwa rahisi kupatikana. Wanakata bodi, wanavika faiba ya Kiitaliano. Mahakama ya Bologna 2019 ikasema umbo la GTO ni kazi ya sanaa yenye ulinzi, kwa hiyo wanaoiga Italia wana kesi.

Kinachoniuma ni hii: 240Z ni bingwa wa Safari Rally! Shekhar Mehta alishinda nayo 1971 kwenye tope letu. Unamkata bingwa wa Afrika Mashariki umvishe kanzu ya Ferrari?

#29 Bibi Kabureta
Sahihisho. 1971 alishinda Edgar Herrmann, kweli na 240Z. Mehta alishinda na 240Z 1973, kisha akarudi na Datsun nyingine akachukua 1979, 80, 81 na 82. Kijana wa Kampala, akahamia kwetu 1972. Hapa kuna watu tulisimama kando ya barabara tukipakwa tope, usitubadilishie miaka.

Kwenye tope nakuunga mkono.

#30 Kipanga74
Napokea fimbo.

#31 Asiyejali
Kipanga kapigwa na kisigino kile kile cha Naivasha.

#32 Mmachame
Jamani, hiyo 240Z ndiyo ile Datsun ya milango miwili, pua ndefu, mgongo umeteremka? Mjomba wangu anayo moja chini ya turubai kule migombani. Tangu miaka ya 80 haijatembea. Kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma. Ina thamani?

#33 Kipanga74
PICHA.

#34 Sultani wa Spea
Mmachame fungua ujumbe wako wa siri.

#35 Kijana wa Durban
Picha kwanza. Tena ya ndani.

#36 Fundi Kingo
Usiiguse wala usiioshe. Mayai toa.

#37 Bibi Kabureta
Subirini. "Siti ya nyuma"? 240Z haina siti ya nyuma.

#38 Mmachame
Bibi mimi natazama kwa macho yangu, siti ipo na kuku yumo. Mjomba anasema ni 240Z na iliwahi kukimbia Safari.

#39 Wakili Mstaafu
Fungua boneti. Nyuma ya injini, kwenye ule ukuta wa chuma unaoitenga na chumba cha dereva, kuna namba imepigwa kwa nyundo. Tuandikie herufi zake za mwanzo.

#40 Mzaramo wa Coventry
Wakuu samahani kuwakatisha kuku, huu uzi ni wangu. Jana nimekwenda kuijaribu.

Nimeanza na namba. Ni Q. Wakili, soda yako ipo. Jamaa kajibu "kila mtu anayo hiyo", macho kwenye viatu.

Nikafuata maelekezo ya Fundi. Mlango wa kushoto una nyufa tatu za nywele pale kwenye bawaba. Uvunguni ni pazuri, kuchomelea kumenyooka. Shemeji kaja na sumaku ya friji, akaibandika boneti ikaanguka, akabandika bawa ikaanguka, akafurahi kama kashinda kesi. Nikamwambia hata kwenye ya dola milioni itaanguka, alumini haishikwi na sumaku. Akanyamaza.

Kisha nimeendesha. Klachi nzito kama kusukuma ukuta. Usukani hauna msaada. Miguuni ni joto la tanuri. Mvua ilinyesha dakika kumi na maji yakaingia kwa njia ambazo sikujua gari linaweza kuwa nazo. Tulipofika taa za barabarani watoto watatu wa shule wakapiga makelele, na mzee mmoja kwenye kituo cha basi akasimama kabisa, akavua kofia. Mimi na kazi yangu ya ghala sijawahi kuvuliwa kofia na mtu.

Niliporudi shemeji akasema ngoja na yeye akae kidogo. Akakaa. Dakika ishirini hajashuka. Aliposhuka, akaunguza mguu.

#41 Nyundo Ndogo
Karibu chamani shemeji.

#42 Bibi Kabureta
Yule mzee alivua kofia kwa Cobra ya 1965 aliyoikumbuka, hakuivulia faiba ya jirani yako. Umekopa heshima ya gari lingine.

#43 Mtu wa Mvita
Na mzee akiwa hajui, heshima aliyoitoa ni feki? Kofia ilivuliwa kweli.

#44 Sultani wa Spea
Q na nyufa tatu: mwambie 27,000 na ushike mfuko. Akikataa ondoka taratibu, atakuita kabla hujafika kona.

#45 Wakili Mstaafu
Kabla ya 27,000, piga simu kwa watu wa bima. Waambie thamani ya makubaliano iandikwe, siyo bei ya sokoni. Gari la Q halina bei ya sokoni ya kuelewana.

#46 Fundi Kingo
Nyufa za bawaba zinatengenezeka, ila kutoka ndani. Akisema atapiga rangi juu, mkimbie.

#47 Mzaramo wa Coventry
Nimempa 27,500. Kasema atafikiria mpaka Jumapili, kuna mtu wa Leicester naye anaitaka. Huku nimeona MGB moja mji wa Rugby, 11,000, vizingiti vipya. Shemeji kageuka, sasa anataka Cobra kuliko mimi.

#48 Mmachame
Nimefungua boneti. Panya wawili walitoka. Namba imeandikwa GRS30 halafu tarakimu.

#49 Kipanga74
Pole sana kijana. 240Z ya usukani wa kulia ingeanza na HS30. GRS30 ni 260Z ya siti nne, ile 2+2, wameirefusha katikati. Ndiyo maana kuku amepata nafasi. Bado ni gari zuri, ila si bingwa wa 1973, 260Z ilitoka 1974 kuendelea.

#50 Kijana wa Durban
Kuku tangu mwanzo alikuwa anatuambia ukweli.

#51 Mmachame
Nimemweleza mjomba. Amekasirika. Anasema yeye ndiye aliyeinunua, yeye ndiye anajua ni nini, na nyie wa kwenye simu mlikuwa wapi. Asubuhi kamwita mchora vibao wa pale Boma Ng'ombe, ameliandika gari "240Z" nyuma kwa rangi nyeupe. Bei ilikuwa milioni 6, sasa ni 40. Kuku wamehamishwa.